Mguu wa Mama Mkwe

Fundi Tambo hakupewa jina hilo bure. Akikaza nati moja, mtaa mzima utajua. Basi baba mkwe wake alipomletea lile gari lake dogo la michezo, la zamani, la viti viwili, ndiyo kabisa, hakulala kwa majisifu.

Mzee aliomba jambo moja tu. "Mwanangu, kile kilima cha kwenda kwa shemeji yangu kimetushinda. Nikiwa peke yangu, gari linapanda. Nikimpakia mama yako, linakohoa, tunarudi. Litie injini yenye nguvu kidogo."

"Kidogo? Baba, niachie mimi!"

Akatafuta injini ya silinda sita, ndefu kama kabati. Haikuingia. Mwingine angetafuta ndogo zaidi, lakini huyu? Thubutu! Aliwasha grenda, akakata ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya abiria, akalisogeza bati hilo ndani, akachomelea. Kiti cha abiria alikuwa amekitoa tangu siku ya kwanza ili apate pa kupigia magoti, na kila alipolijaribu gari barabarani alikuwa peke yake, anacheka. Injini ya zamani akampa mnunuzi wa chuma chakavu. Ya nini tena?

Siku ya kulikabidhi alirudisha kiti, akawaita mafundi wote wa jirani waje waone kazi. Injini ikanguruma, wakapiga makofi. Mzee akamfungulia mkewe mlango.

Mama mkwe ana goti moja lisilokunjika. Hilo halikuwa siri. Siku Tambo alipomwoa binti yao, yeye mwenyewe ndiye aliyemletea kigoda cha kuunyooshea ule mguu.

Mama akaketi, akaingiza mguu ulio mzima. Ule mbovu ukagonga bati. Akajaribu kuuingiza upande, akajaribu kuuinua kwa mikono, jasho likamtoka. Mlango haukufungika.

"Nendeni tu nyinyi wawili," akasema kwa upole. "Gari ni zuri. Mimi nitabaki."

Heri angemtukana! Tambo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amepima kila kitu kwenye gari lile, hadi unene wa skrubu, akasahau aliyetengenezewa.

Mzee akazima injini. Hakufoka. "Ile ya zamani iko wapi, mwanangu?"

Mafundi wote wakamtazama mwenye maneno. Akajibu, "Niliiuza, baba. Wameshaiyeyusha."

Mzee akaitikia kwa kichwa, basi. Tambo akapiga magoti kwenye vumbi, akaushika mguu wa mama mkwe, akautoa taratibu. Ncha ya bati alilolichomelea ilikuwa imekwaruza kiatu kipya cha mama. Akakifuta kwa kiganja, akafuta tena, mkwaruzo upo palepale.

Mama akaegemea bega lake, akainuka. "Pole, mwanangu," akamwambia.

Kisha akashikana mkono na mumewe, wakaondoka kwa miguu, na funguo wakaziacha ndani ya gari.