Waya wa Mulei wa Kabiro

Mulei alikuwa mtu wa kutosahau. Mwenye ploti aliyemkatia stima mwaka wa themanini na nane, karani aliyemrudishia barua ya leseni ya redio mara tisa, wote aliwaweka kichwani kwa tarehe. Sasa ni tisini na sita, leseni imetoka, redio ya kuzungumza na watu wa mbali iko mezani, na Kavoi, rafiki yake wa Machakos mwenye redio kama hiyo, amemwandikia: "Jumamosi saa nne asubuhi. Nisipokusikia, nitaamini wanaosema wewe ni mdomo tu."

Kilichobaki ni kupandisha hewani waya wa antena. Jumamosi hiyo asubuhi Mulei alifunga jiwe kwenye uzi, akalirusha juu ya mkaratusi ulio nyuma ya vyoo. Jiwe la kwanza liliangukia mabati. La pili likamrudia mwenyewe begani. La saba likavuka tawi, naye akainua ngumi kama aliyeangusha serikali. Akauvuta waya hadi mparachichi wa langoni, akaukaza, akakimbia ndani.

Aliita mara tano. Redio ikamjibu kwa mvumo tu.

Alipotoka, waya ulikuwa umelalia mabati, umebeba blanketi tatu mbichi na suruali za nyumba nane.

"Nani ametundika takataka kwa antena yangu?"

"Takataka?" Akeyo, jirani wa mlango wa pili, alitoa kibanio mdomoni. "Mulei, si ni wewe kwa mkutano wa wapangaji ulisema kamba ya kuanika ni haki yetu? Tukasema, leo huyu jamaa amefanya kitu. Hata nilikuwa nakuletea chai!"

Mulei akapekua ile kumbukumbu yake maarufu. Kweli, alisema, mwezi wa tatu, amesimama juu ya karai. Maneno ya wengine aliyatunza miaka. Yake mwenyewe hayakufika jioni.

"Akeyo dadangu," akasema, sauti imeshuka, "nipe dakika tano tu."

"Tano. Hizo blanketi ni za watoto."

Wakaziondoa, waya ukapaa. Mulei akarudi ndani, akaita.

"Nakusikia, Mulei!" Sauti ya Kavoi ilitoka safi, kana kwamba yuko hapo Riruta, mtaa wa jirani. "Nakusikia kabisa! Haya, sema."

Maisha yake yote alikuwa akingoja kuambiwa hivyo. Akafungua mdomo. Hotuba zote zikasukumana mlangoni, hata moja isitoke.

"Kavoi," akasema mwishowe, "huko kwenu kuna jua?"

"Lipo."

"Hata hapa. Tunaanika."