Nusu Sentimita ya Mzee Randa

"Redio yako haijui kupiga hodi?" Mzee Randa alisimama katikati ya ua, mswaki mkononi, povu mdomoni. "Kila asubuhi inaingia kwangu kama imelipiwa chumba!"

"Na randa yako je, babu? Jumapili nzima kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, utadhani panya wanajenga ghorofa!" alijibu binti wa chumba cha jirani.

"Babu wa nani? Nimemzaa mama yako mimi?"

"Ungemzaa, angalau ningerithi hayo mapafu!"

Madirisha yalicheka. Wapangaji wote walikuwa wameshatoa vichwa, na mke wa Mzee Randa alikuwa mlangoni kwake akitikisa kichwa huku akitabasamu upande mmoja. Bi Futi, wa chumba cha tatu, alishika kikombe chake cha chai bila kunywa. Ugomvi wa watu wengine angevuta kigoda akaufaidi mpaka tone la mwisho. Huu ulikuwa wake. Wale wawili walikuwa mafundi wake, na baada ya saa moja wangekuwa chini ya paa moja karakanani, yeye akiwa msimamizi wao.

Mzee Randa alikuwa na miaka thelathini na tano kwenye useremala. Binti, ambaye karakana nzima ilimwita Bonyeza, alikuwa na mwaka mmoja na nusu na mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta. Shikamoo alikuwa akimpa mzee kila siku, adabu ni adabu, ila aliitoa akiutazama ukuta. Na marahaba ikarudi kwa kupitia darini. Zaidi ya hapo, wiki ya pili sasa, hawakusemezana kazini hata neno.

Bi Futi alilitatua jambo hilo kwa namna aliyoiona ya busara. Mashine aliisogeza mwisho wa karakana, benchi la mzee akaliweka mlangoni, na katikati akaweka karatasi. Bonyeza anakata, anaandika namba ya mlango, karatasi inakwenda. Mzee anapiga randa, anafunga bawaba, karatasi inarudi. Kimya kikawa kitamu, Bi Futi akajipongeza.

Mpaka Jumatano, walipoupachika mlango wa kwanza zahanatini.

Walikuwa wameagizwa milango kumi na miwili ya wodi ya wazazi, ya kukaguliwa Jumamosi. Ikipita, kuna arobaini mingine. Bi Futi aliufunga ule wa kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, na mwanga ukampiga jicho kutoka upande wa bawaba. Alichomeka penseli katika ule mwanya. Ikapita yote, ikaangukia ndani.

Alikuwa bado amechuchumaa pale Tajiri, mwenye karakana, alipopiga simu. Habari mbaya ina miguu mirefu.

"Nilikwambia mapema," Tajiri alisema. "Fahali wawili hawakai zizi moja. Jumamosi nikija nikute umechagua mmoja. Mzee apumzike au binti aende, mimi sijali ni yupi."

"Fahali sina, bosi. Nina mafundi."

"Jumamosi," akakata.

Bi Futi alirudi karakanani akapima milango sita iliyokuwa tayari. Yote ilikuwa imepungua, na yote kwa kiasi kilekile. Fundi mlevi hukosea kila mlango kivyake. Hapa palikuwa na mkono unaojua unachofanya. Au mikono miwili.

Alimwendea mzee kwanza.

"Mzee wangu, milango hii umeipunguza?"

"Nusu sentimita," alijibu bila kuinua macho. "Mvua ziko njiani. Mbao hunywa maji, mwanangu, ikavimba. Usipoiachia nafasi, mgonjwa atafungiwa ndani. Mashine inajua mvua?"

"Ulipima kabla ya kupunguza?"

"Miaka thelathini na tano ninapunguza nusu sentimita. Nipime nini?"

Akaenda mwisho wa karakana. Bonyeza aligeuza kioo cha kompyuta amwonyeshe. "Hapa dada, nimetoa nusu sentimita. Ya mvua."

"Nani alikufundisha?"

Binti alishusha sauti. "Si yeye? Siku chache kabla hatujanuniana, alikuwa akinung'unika peke yake pale benchini kwamba mashine haijui mvua. Nikaona ana hoja, nikaifundisha kwa milango hii."

Bi Futi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alikuwa amemsikiliza mzee kuliko mzee alivyojua, na kwa sababu hakumwambia, wote wawili wameila milango kutoka pande mbili. Na nani aliweka karatasi katikati ili wasiambiane? Yeye mwenyewe, na akajipongeza juu.

"Wewe, njoo. Na mzee, njoo." Aliita kwa sauti ya sokoni. "Karatasi yangu nimeichana. Kosa hili nimelipika mimi, nyinyi mmelipakua tu. Binti, sema ulichoniambia."

Bonyeza alisema, macho yakiwa kwenye viatu. Mzee Randa aligeukia milango. Alichukua mlango mmoja, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Uliweka ya mvua," alisema hatimaye. "Wewe."

"Niliweka."

"Pande zote mbili?"

"Na juu. Chini sikugusa, chini kuna nafasi ya ufagio."

"Hm," mzee aliguna, na mguno ule ulikuwa na cheti ndani yake. "Basi nikatie vipande vya mbao ileile, unene sentimita moja, vinyooke kama uzi. Mimi kwa mkono siwezi kunyoosha hivyo tena, macho yamechoka. Nitavigundisha ukingoni, nivisawazishe. Hakuna atakayeona kiungo."

"Na kuanzia leo," Bi Futi akadakia, "anayepunguza anaandika kwa penseli kwenye ukingo wa juu. Kiasi, na sababu. Hata kama ni mvua."

Mashine ilisogezwa jirani na benchi mchana uleule. Siku mbili walibishana juu ya gundi, juu ya vumbi, juu ya nani kaificha penseli. Bi Futi aliwaacha. Kelele ile ilikuwa na kazi ndani yake.

Jumamosi, milango yote ikiwa imeshapachikwa zahanatini, muuguzi mkuu alikuja na sinia mikononi, akausukuma mlango kwa nyonga kama atakavyousukuma maisha yake yote. Ukafunguka, ukajifunga nyuma yake bila kishindo. Akausukuma wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili.

"Leteni ile arobaini," alisema.

Tajiri alimvuta Bi Futi pembeni. "Kwa hiyo unambakiza nani?"

"Soma mlango, bosi."

Tajiri alinyoosha shingo. Ukingoni juu palikuwa na mistari miwili ya penseli, kila mmoja na kiasi na sababu yake, mmoja wa herufi kubwa zinazotetemeka, mwingine wa haraka haraka. Alisoma, akakuna kidevu, akauliza arobaini itaanza lini.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, Bonyeza alivuka ua na michoro chini ya kwapa na kubisha mlango ambao hajawahi kuubisha. Mzee Randa alitokea na miwani puani, akaitandaza michoro pale pale kizingitini, na kabla ya ukurasa wa pili wameshapandishiana sauti.

Mke wake akamchungulia binti kutoka nyuma ya bega la mumewe, mwiko mkononi.

"Mwanangu, huyu ukibishana naye na njaa atakushinda. Vua viatu, ingia, tunapakua."