Ndama wa Niyomugabo

Huku Nkungu, mtu aliyekufa bila mtoto huzikwa na watu wengi kuliko mwenye watoto kumi. Kila mmoja huona haya kwa niaba ya ukoo ambao haupo. Ndivyo alivyozikwa mzee Niyomugabo. Mkewe alitangulia zamani na hakumwachia hata binti.

Siku ya kumaliza matanga, Cassien, mkuu wa kijiji, alisimama akauliza swali ambalo kwa desturi huulizwa na ndugu wa marehemu: nani ana kitu chake kilichobaki kwa mzee? Vénantie alikuwa amekaa pale pale mkekani, na kitu chake kilikuwa kinacheua nyuma ya nyumba. Akanyamaza.

Jamani, kuna haya nyingine ni ujinga uliovaa kitenge. Yule ng'ombe, Gaju, alikuwa wake halali. Mama wa bibi yake Gaju alitembea kwa miguu kutoka Kongo, kamba mkononi mwa baba yake Vénantie, mwaka ule wakimbizi waliporudi nyumbani. Baba alikufa, ng'ombe wakapungua mmoja mmoja, akabaki Gaju. Na kwa kuwa Vénantie huvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kila asubuhi kuuza maparachichi Bukavu, hakuwa na mtu wa kumkatia nyasi. Akampa jirani yake Niyomugabo amtunze, kwa mapatano ya kizamani: mzee anywe maziwa, ndama wa kwanza awe wa mwenye ng'ombe, wa pili awe wa mtunzaji. Karatasi hawakuandikiana. Hata hereni ya sikioni mwa ng'ombe, siku ya chanjo, iliandikwa jina la aliyeshika kamba, na aliyeshika kamba alikuwa mzee. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini angesemaje "nipeni ng'ombe wangu" mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka? Aliona ni kama kumvua marehemu shati. Akala chakula cha matanga, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye jirani yake Uwineza akampasha habari: nyumba ya mzee, migomba yake, ng'ombe na ndama, vyote vimeandikwa kuwa mali isiyo na mrithi. Alhamisi vinakabidhiwa sekta, ofisi ya serikali iliyo juu ya kijiji.

Alhamisi Vénantie hakwenda Bukavu. Maparachichi yakabaki yanalainika kapuni. Alimkuta Cassien uani kwa marehemu, daftari mkononi, watu wamemzunguka.

"Papa Cassien, ile ngombe ni yangu."

Watu wakatazamana. Mmoja akakohoa kicheko.

"Maman Vénantie," Cassien akasema kwa upole, "niliuliza mbele ya bantu bote. Ulikuwa pale, karibu yangu. Juu ya nini haukusema?"

"Niliona haya."

"Haya haiandikwake mu papier. Hereni iko na jina ya mzee. Kila muntu anaweza kuja kusema vile."

Kilichomuuma Vénantie ni kwamba Cassien alisema kweli. Daftari lile lingekuwa mkononi mwake, naye asingemwamini mwanamke wa namna yake. Akamtazama Gaju. Ndama, jike, mwekundu kama mama yake, alikuwa anagonga kiwele kwa kichwa. Ndama wa kwanza, dume, Vénantie alikwisha kumchukua mwaka juzi. Huyu alikuwa wa pili. Mapatano waliyajua watu wawili tu, na mmoja yuko ardhini. Mdomo unaodai ng'ombe unaweza kudai na ndama kwa pumzi ile ile, na kwa majike mawili zizi la baba yake lingesimama tena. Alimtamani yule ndama, tusimsingizie utakatifu.

"Andika muzuri, Papa," akasema. "Ngombe ni yangu. Kale katoto si kangu, ni ka mzee. Ya kwanza nilishakamata, ya pili njo yake. Njo vile tulipatana."

Cassien akaacha kuandika.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Nilishanyamaza mara moja. Unaona vile ilinifanya."

Cassien akacheka, na uani pote wakacheka. "Mwizi gani anakamata ngombe anaacha ndama jike?" akauliza. Majirani wanne wakatia saini. Gaju akafutwa daftarini. Ndama akabaki humo, mali ya marehemu Niyomugabo, asiye na mrithi.

Alipoachishwa kunyonya, sekta ikampa Uwineza, mjane mwenye watoto watatu na zizi tupu. Huku kwetu aliyepewa ng'ombe hulitaja kwa sauti jina la aliyempa, na tangu siku hiyo huapa kwa jina hilo maisha yake yote. Wakubwa wa sekta walikuwa wamejipanga kwenye viti, wanangoja kusikia serikali ikitajwa. Uwineza akashika kamba, akainua mkono.

"Niyomugabo alinipa ngombe!"

Vénantie alilia waziwazi, wala hakutafuta kitambaa.

Sasa jioni akirudi kutoka mpakani hupita nyuma ya ua wa Uwineza. Watoto wale watatu wakigombana, kila mmoja huapa kwamba hakuanza yeye, na wote watatu huapa kwa Niyomugabo.