Kukaa si Kuketi

Kila mtoto wa mji ule alilelewa na sentensi moja: wenye kiwanda walipotaka kuifunga zahanati ya wajawazito waigeuze ghala, Muuguzi alikaa mlangoni kutwa nzima, na mlango haukufungwa. Kwa hiyo mchongaji, binti wa mji huohuo, alipopewa jiwe kwa kazi yake ya kwanza ya hadharani, hakujiuliza mara mbili. Alimchonga Muuguzi ameketi kitini, mgongo umenyooka, mikono magotini, viatu miguuni. Mwenyekiti wa kamati alifurahi mno. Wenye maneno yao wakasema si ajabu, mwenyekiti lazima apende viti.

Asubuhi ya uzinduzi sanamu ilikuwa imefunikwa shuka jeupe na turubai limejaa watu. Mgeni wa heshima alikuwa binti pekee wa Muuguzi, bibi aliyehamia mbali zamani kwa wanawe, na aliyeteremka kwenye basi asubuhi ileile. Ndiye angevuta kamba. Alipewa nafasi kando ya mchongaji, akaushika mkono wake, akausifu kwamba ni mkono wa fundi hasa, si kama wa hawa wanaolia kabla hata kitunguu hakijamenywa. Mchongaji akacheka. Kisha bibi akaanza kusimulia siku ile. Alikuwa mtoto, na ndiye aliyekuwa akimnywesha mama yake maji, kwa sababu mikono yote miwili ya mama ilikuwa imeshika miimo ya mlango.

"Hakuwa na kiti, bibi?"

"Kiti cha nini? Angeketi wangembeba na kiti chake. Alikaa amesimama."

Mchongaji aliinuka. Alimfuata mwenyekiti nyuma ya turubai, akamweleza. Mwenyekiti alijifuta jasho, akauliza si ndivyo sote tulivyoambiwa, kwamba alikaa? Mchongaji akamjibu kwamba kukaa si kuketi. Mwenyekiti akashauri wanyamaze. Macho ya bibi si ya jana, alisema, na shuka likishuka, limeshuka.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini mchongaji aliwaza watoto watakaoegemea jiwe lile na kuliamini, kama yeye alivyoiamini ile sentensi. Akarudi, akachuchumaa mbele ya bibi, akamwambia kwamba chini ya shuka lile mama yake ameketi. Akaongeza kwamba akikataa kuvuta kamba, hakuna atakayemlaumu, na lawama zote atazibeba yeye.

Bibi alimtazama. Akaitwa mbele.

Alivuta kamba. Watu wakapiga makofi, naye akabaki anatazama mpaka makofi yakafifia yenyewe. Akaizunguka sanamu polepole, akaipapasa bega, akaomba kipaza sauti. Mchongaji alikuwa amesahau kuinuka pale alipochuchumaa.

"Siku ile mama hakuketi," bibi alisema. "Alisimama kutwa. Msiwadanganye watoto."

Mwenyekiti akatazama chini.

"Jioni, wenye kiwanda walipoondoka na kufuli lao, jirani alimletea kiti. Hapo ndipo alipoketi, hivihivi, hana hata la kusema. Nilimvua viatu mwenyewe, miguu imevimba kama mikate. Basi huyu ni mama wa jioni. Namjua." Akageuka kumtafuta mchongaji. "Ila jioni ile hakuwa na viatu, mjukuu wangu."

Watu wakacheka, wengine huku wanajifuta macho. Hotuba zikaendelea, ndefu kama kawaida yake, na mchongaji hakusikia hata moja.

Kesho yake, wakati viti vya kukodi vinapakiwa garini, alikuwa chini ya sanamu na nyundo na tindo. Kiatu ni kikubwa kuliko mguu, na mguu uliovimba hauhitaji kupunguzwa sana, kwa hiyo jiwe lilitosha. Bibi alikuwa ameahirisha safari. Aliketi kando akielekeza: kidole gumba kipana zaidi, hapo kwenye kifundo acha nyama, usinikondeshee mama.

Walipofika mguu wa kushoto maelezo yalimwishia. Akavua ndara, akauweka mguu wake mwenyewe juu ya jiwe.

"Ulikuwa kama huu," alisema. "Chonga."