Pengo la Kidole Gumba

Baba alikuwa na siku ya tatu bila kutia kitu mdomoni, dada yangu mkubwa aliponiletea ile fimbo ya gofu karakana. Alikuwa ameizungushia shuka kama mtoto mchanga.

"Imekatika shingo," akasema. "Aliipiga kwenye chuma cha kitanda."

"Basi mkono bado una nguvu."

"Usinichekeshe, mdogo wangu. Bila hii mkononi hafungui mdomo, unajua. Muuguzi amesema kesho ikipita hivi, tukae tu tusubiri."

Nilijua. Akili ya baba ilikuwa inaondoka kwa mafungu. Kwanza alisahau kwamba mama amekufa, kisha akamsahau dada, kisha mimi, akawa ananiita "yule wa umeme," kwa ajili ya kazi yangu ya kuchomelea. Fimbo hakuisahau. Akiishika, dada alimlisha uji mpaka bakuli likaisha. Akinyang'anywa, mdomo ulifunga kama nati yenye kutu.

Alikuwa amebeba mifuko ya fimbo za wakubwa kwa miaka thelathini na moja. Hii ilikuwa ya bwana mmoja ambaye siku moja mpira wake ulitumbukia majini. Akaipiga fimbo kwenye jiwe, kichwa kikapata pengo ukingoni, akamtupia baba miguuni: "Okota takataka yako." Baba alitusimulia huku anacheka. Alituambia pia kwamba chakula walichowekewa wabebaji hakikuguswa mpaka bwana aseme "Kula," na bwana yule alipenda kusahau. Hapo alicheka zaidi. Sisi watoto tulicheka naye, maana tulikuwa tumeshiba.

Nikaibana fimbo kwenye jiriwa. Jirani yangu, fundi pikipiki tunayemwita Spana, akaja kusimama mlangoni.

"Fundi mageti umeingia ligi ya matajiri?"

"Nimeanza na fimbo. Uwanja unafuata."

"Ukipata uwanja nipe kazi ya kukata majani."

Chuma cha zamani kina hasira. Ukikirukia na moto mkali kinakubali, halafu kikipoa kinapasuka pembeni ya kiungo, kukukomoa. Nikazichonga ncha mbili zilizokatika zikawa na mteremko, nikazipasha polepole kwa gesi, nikachomelea kidogokidogo, nikipumzika na kugonga magamba kila mara. Nikaifukia kwenye mchanga mkavu ipoe kwa hiari yake. Saa mbili nzima sikuigusa. Nilipoitoa nikaegemeza kichwa ukutani na kuukandamiza mpini kwa uzito wangu wote. Haikulia.

"Shingo safi," Spana akasema. "Ila hilo pengo hapo juu, mtu akiliona atasema umechomelea kwa miguu."

Hapo ndipo aliponipata. Sisi wachomeleaji tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kutoa kazi nje ikiwa na dosari jirani na kiungo chetu, hata kama dosari ilikuja nayo. Mtu haulizi. Anaangalia anasema, fulani kaharibu. Nikalijaza pengo. Nikapitisha grenda, nikafuata na tupa, nikamaliza kwa msasa laini na mafuta, mpaka nikauona uso wangu kwenye kile kichwa, na sikuuchukia.

Jioni jua halijazama nilikuwa chumbani kwa baba. Dada alikuwa ameshapoza uji. Nikamwekea fimbo mkononi kama alivyozoea, kichwa ndani ya kiganja, mpini ukilala kwenye blanketi.

Kidole gumba kikaanza kutembea. Kikaenda ukingoni, kikarudi, kikaenda tena. Kilikuwa kinatafuta kitu, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe akitafuta mlango.

"Pengo liko wapi?" dada akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeliziba. Lilikuwa linaharibu kazi."

"Kidole chake kinakaa mle. Miaka yote kinakaa mle. Hujawahi kuona?"

Sikuwahi. Mimi nilikuwa mtu wa mlangoni: shikamoo baba, nimekuletea mkate, nimechelewa kazini. Kuona kidole kinapokaa kunataka mtu avute kiti.

Baba akaileta fimbo karibu na macho. Iling'aa. Akashika ncha ya shuka akaanza kuifuta, taratibu, kuanzia shingoni kushuka chini, kama mtu aliyefanya hivyo miaka thelathini na moja. Kisha akaninyooshea, mpini ukitangulia, naye ameinamisha uso.

"Iko tayari, bwana."

"Baba, ni mimi. Hiyo ni yako."

"Hapana, bwana." Akaogopa kweli. "Sijaiba. Nilikuwa naisafisha tu."

Nikaipokea, la sivyo angelia. Dada akapeleka kijiko mdomoni. Mdomo ukafunga. Macho ya baba hayakuwa kwenye kijiko, yalikuwa kwangu, na yalikuwa yanasubiri.

Dada alielewa kabla yangu.

"Mwambie," akasema.

"Siwezi."

"Siku tatu, mdogo wangu."

Nikasimama pale na fimbo mkononi, imenyooka, haina kovu hata moja.

"Kula," nikamwambia.

"Ahsante, bwana."

Akafungua mdomo. Akala bakuli zima, akaramba kijiko.

Siku ya pili nilimtengenezea pengo lingine kwa tupa, pale pale. Kidole kikaingia, kikatoka, akaifuta fimbo akanirudishia. Sasa nafunga karakana mara tatu kwa siku. Spana ananiuliza kama nimepata mchumba, namwambia ndiyo, ana njaa sana. Baba ameanza kunenepa mashavuni. Dada anashika bakuli, mimi nashika fimbo, nasema lile neno moja, na kila mara najitahidi nisichelewe kulisema.