Hasira za Mjomba Athanas

Siku Ernest na wazee wake walipopanda Mgeta kumposa Josephina, kifurushi cha kubishia hodi walikiweka miguuni pa baba yake. Kosa hilo hulifanya wageni tu. Kwa Waluguru mtoto ni wa mjomba, na Mjomba Athanas alikuwa ameketi palepale, kavaa koti la kanisani, anasubiri.

"Kumbe mimi nimeitwa kunywa chai!" akafoka. Akasimama, akaitwaa fimbo yake. "Haozwi mtu hapa!"

Baba akainamisha kichwa. Mshenga, mzee Deogratias, akaomba radhi kwa maneno marefu, na kila alivyozidi kuomba ndivyo Mjomba alivyozidi kuusogelea mlango.

Josephina alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Mjomba akitoka, na Ernest ndiyo katoka. Amwambie "tulia"? Mtu mzima haambiwi hivyo na mtoto. Lakini kule Kihonda alikofanya kazi za ndani, mama mwenye nyumba alikuwa na neno lake la Kiingereza la kumwambia mumewe kila timu yake ikifungwa.

"Mjomba," akasema, macho kwenye sinia, "kamdauni."

Mjomba akageuka.

"Umenitukana?"

"Hapana, mjomba! Hasira za mtu zikipanda juu sana, anaombwa azishushe taratibu. Ndiyo maana yake."

"Wanaambiwa akina nani?"

"Watu wazito. Baba wa kule kazini ni mhadhiri, naye huambiwa."

"Mhadhiri wa chuo kikuu?"

"Karibu kila wiki."

"Na hutulia?"

Josephina hakujua kudanganya. "Kwanza huzidi kufoka. Halafu hukaa akala."

Mama yake akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Mjomba akajikaza afoke tena, kicheko kikamponyoka puani. Akamgeukia Ernest.

"Wewe kijana. Huyu akikwambia hivyo, utakaa?"

"Nitakaa, mjomba."

"Hata kama haki ni yako?"

Ernest akamwangalia Josephina na sinia lake. "Hapo ndipo nitakapokaa upesi zaidi."

Mjomba akarudi polepole, akakivuta kile kifurushi kwa ncha ya fimbo mpaka miguuni pake mwenyewe, akaketi.

"Dada, pakua chakula," akasema. "Binti yangu ameolewa."