Cherehani Iliyorudi Ikinuka

Winfrida alikuwa hamwamini mtu, na sikufichi, alijivunia jambo hilo. Basi siku wifi yake, Hana, aliporudisha cherehani ya mkono aliyoiazima kushonea sare za watoto, Winfrida hakuuliza hata habari za nyumbani. Aliinamisha pua juu ya gurudumu. Mafuta ya taa! Akatazama skrubu, akaona vichwa vyake vimekwaruzwa.

"Asante wifi," Hana alisema, akaondoka haraka haraka. Haraka ya nini kama huna jambo?

"Ameifungua," Winfrida alijisemea. Cherehani ile aliachiwa na marehemu mama yake, chuma cha zamani hasa. Na miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa, mnada wa Mkiwa umejaa vipuri vya feki hadi chini. Mtu angeshindwaje kuchomoa chuma kizuri na kupachika takataka?

Ajabu ni kwamba ilizunguka vizuri, wakati kabla ya kuazimwa mpini ulikuwa mzito. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Tangu lini kitu kibovu kikaenda kwa mtu kikarudi kizima? Akaifuta ile harufu, akaipaka mafuta yake ya alizeti, safi, ya kukamua, kila tundu, kama alivyozoea.

Jumatatu akaanza gauni la harusi la binti yake, Eliana. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano mpini ukagoma, sindano ikawa inaruka, uzi wa chini ukajikunja mafundo mafundo. Alibadili sindano. Akalegeza skrubu ya kukazia uzi, akapitisha uzi upya. Wapi! Kitambaa cheupe kilibaki na matundu tu.

Hakungoja. Alimfuata Hana kisimani, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji, akamwambia peupe: "Nirudishie vyuma vya mama yangu! Mwizi mkubwa wewe!"

Hana alitua ndoo. "Mimi? Haya. Tafuta shangazi mwingine wa kumtoa mwanao Jumamosi."

Wanawake waliguna. Bibi harusi atatokaje ndani bila shangazi yake kumshika mkono? Ukoo mzima ungeuliza kulikoni. Lakini Winfrida alikuwa ameshapandwa na hasira, akaona mwizi amekimbia kesi.

Alhamisi aliibeba cherehani hadi kwa fundi Anselm. Fundi aliifungua, akagusa ndani, akanusa kidole, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Eliana, hii unashonea au unakaangia maandazi?"

"Unasema nini, fundi?"

"Alizeti! Mafuta ya kula yanaganda kwenye chuma, yanakuwa gundi. Vyuma ni vile vile vya zamani, hakuna kilichobadilishwa. Tena juzi juzi kuna mtu aliisafisha kwa mafuta ya taa, akafika mpaka kule kwenye bobini. Kazi safi. Halafu akaja mwingine akamwaga alizeti upya. Huyo ndiye adui yako."

Winfrida alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikwenda moja kwa moja kwa Hana, akamkuta uani anapepeta uwele.

"Wifi, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mafuta yako unayasifia kwa kila mtu, mpaka mashine unailisha. Nilikuta imeganda, nikaisafisha, nikanyamaza nisikuaibishe."

"Nisamehe, wifi yangu. Nimekosa."

Hana hakuinua macho. "Kwani ulinitukana hapa uani?"

Ijumaa asubuhi Winfrida alikwenda kisimani bila ndoo. Hana alikuwa katikati ya foleni, ameangalia pembeni.

"Jamani, nisikilizeni," Winfrida alisema. "Cherehani niliiharibu mwenyewe, kwa mkono wangu. Hana hakuiba kitu. Yeye ndiye aliyeitengeneza, na mimi nikamwita mwizi mbele yenu. Naona aibu."

Hana alinyoosha shingo, akatazama mwisho wa foleni.

"Rahabu yuko mbali kule, hajasikia," alisema. "Sema tena."

Winfrida akasema tena, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Hapo ndipo Hana alipojitwika ndoo yake. "Haya, twende tukamalize gauni la mwanangu."